Kadi ya Ugomvi

Mume wangu watu wote humwita Mkasi isipokuwa mimi, na mimi humwita hivyo akiwa hayupo. Jina hilo alilipata kazini kabla hatujaoana. Anatunga kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili, na katika kutunga huko kazi yake kubwa ni kukata: neno lililozidi, maelezo yaliyorefuka, mfano uliojaa mapambo. Mimi ni fundi cherehani. Nina mikasi mitatu, mmoja wa vitambaa, mmoja wa nyuzi na mmoja wa karatasi za vipimo, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniita jina hilo. Dunia haina haki, lakini hilo si la leo.

Kukata kwake hakuishii ofisini. Siku aliyoniposa alisema, "Tuoane." Nikadhani hajamaliza, nikangoja. Aliponiona kimya akadhani nimekataa, akachukua kofia yake akaondoka. Ilibidi nimkimbilie mpaka getini kumweleza kwamba nilikuwa nasubiri sehemu iliyobaki. Akasema haikuwepo. Hata leo akisafiri hunitumia ujumbe kwenye simu, "Nimefika," na siku ya kurudi, "Narudi." Jirani yangu alipouona alidhani ni ujumbe wa kampuni ya mabasi.

Aliyenikutanisha naye ni kaka yangu, mtoto wa mama yangu, aliyenizidi miaka minne. Walikuwa ofisi moja, vyumba vinatazamana, korido katikati. Kaka kazi yake ilikuwa asili ya maneno: neno limetoka wapi, limepita kwa nani, lilipokuwa changa lilikuwa na maana gani. Yeye hakati. Ukimwambia "habari za leo" ujue umekaa. Nadhani ndiyo sababu Mkuu wao wa kazi aliwaweka pamoja, mmoja ajaze, mwingine apunguze, kitakachobaki kiwe kamusi. Na walipendana, watu hao. Walitaniana kishemeji hasa. Kila Jumapili kaka alikula kwetu, akazungumza yeye, mume wangu akitia "Eh" na "Kumbe" mahali panapostahili.

Nieleze kazi yao inavyokwenda, maana bila hivyo hutanielewa. Kila neno la Kiingereza lina kadi yake. Kaka aliandika asili na maana za kale kwa wino mweusi, kisha akaiweka kadi kwenye trei iliyo juu ya meza ndogo ya korido. Mume wangu alitoka, akaichukua, akaongeza maana za siku hizi, akakata kwa wino mwekundu, akairudisha kwenye trei. Kadi ilifungwa ikishapata sahihi zote mbili. Tena kila maana lazima iwe na mfano. Kuna kanuni imebandikwa ukutani: "Mfano wa sentensi usizidi maneno manane." Aliitunga mume wangu. Ina maneno sita, na hilo hulitaja mwenyewe bila kuulizwa.

Nyumbani kwetu miaka ilihesabiwa kwa herufi. Tulioana wakiwa kwenye A. Cherehani yangu ya pili niliinunua wakiwa C. Walipolifikia neno "argument", yaani mabishano, kaka alituhubiria Jumapili nzima kwamba kwa Kilatini mzizi wake ulikuwa kuliweka jambo wazi, na kwamba ni ndugu wa neno la fedha ile inayong'aa. Mume wangu akafikiri, akasema, "Basi mke wangu ananing'arisha kila siku." Kwa kipimo chake hiyo ilikuwa hotuba. Kaka alicheka mpaka akapaliwa na maji.

Mama alifariki wakiwa D.

Alikuwa anakaa kwangu. Miaka yake mitatu ya mwisho ilikuwa ya kuumwa na kupata nafuu, kuumwa na kupata nafuu, hata sisi tukazoea, na kuzoea ugonjwa wa mtu ni kosa ambalo hulijui mpaka baadaye. Wiki ile kaka alikuwa amesafiri kwenda kwenye kiwanda cha mbao, mwendo wa siku nzima, kuwauliza maseremala majina ya misumeno. Simu huko haikushika vizuri; ujumbe uliingia, sauti haikuingia. Alfajiri mama alianza kumtaja. Mimi mikono yangu ilikuwa imemshika, kwa hiyo nikamwambia mume wangu aandike. Maneno yangu nayakumbuka kama vipimo vya mteja wa miaka yote: "Kaka, mama anakutaja kwa jina toka alfajiri, ameacha kula, anauliza kama umeshafika mlangoni; panda gari la kwanza, usingoje kesho."

Kaka alifika siku ya tatu, begi begani, daftari la misumeno mkononi, sisi tukiwa ndiyo kwanza tumetoka kuzika. Nilimvaa hapo hapo mlangoni. Nilimwambia, "Kaka, ulikuwa unangoja nini?" Alitoa simu akanionyesha. Ujumbe ulisema, "Mama anaumwa. Njoo."

"Mama anaumwa kila wiki, dada," alisema. "Nikasema nimalize misumeno, nije."

Nikamgeukia mume wangu. Maneno yangu yalikuwa kumi na tisa. Alikuwa ametuma matatu. Mume wangu aliitazama ile simu, akasema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natafuta nguo ya kukunja ili mikono yangu ipate kazi. Alisema, "Maana ilikuwa ile ile."

Huenda yangeisha kwa msiba na machozi, kama yanavyoisha mengine. Lakini wiki mbili baadaye kaka aliandika barua. Alimwandikia mume wangu kurasa nne, mbele na nyuma, akamweleza yote yaliyomkaa rohoni. Angeweza kumkabidhi mkononi. Ila kila kitu kati yao kilipitia kwenye trei ya korido, na kaka ni mtu wa desturi. Akaiweka kwenye trei. Mume wangu akatoka, akaichukua pamoja na kadi za siku hiyo, akakaa, akashika kalamu nyekundu. Saa moja baadaye barua ilirudi kwenye trei, imebaki ukurasa mmoja na nusu. Pembeni alikuwa ameandika, "Marudio. Fupisha."

Anasema mkono ulitangulia. Anasema alipofika mwisho ndipo alipotambua alichokuwa anasoma, na kwamba wakati huo alikuwa ameshaikata, akaona aibu kuirudisha na aibu kubaki nayo, akachagua aibu ya kuirudisha. Namwamini. Nimeishi naye, najua kwamba ukimpa cheti cha kifo atatafuta neno lililozidi. Kumwamini hakukunizuia kumkasirikia. Nilimpikia, nikampigia pasi, nikamkasirikia.

Jioni ile kaka alikuja nyumbani, hakuvuka kizingiti. Alinipa ile barua. "Dada," alisema, "mwambie mumeo ahsante, ameniboreshea." Akaenda zake, na hakuingia tena kwangu kwa miaka tisa.

Barua niliitia kwenye mkebe wa vifungo, chini kabisa, nikairudishia vifungo juu.

Watu husema wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Basi mimi ndiyo nilikuwa nyasi, ingawa tembo wenyewe kila mmoja ana kilo hamsini na tano na anavaa miwani. Kaka alikuwa akija kwenye chumba changu cha kushonea, karibu na soko, akakaa kwenye kiti cha wateja akazungumza saa nzima, na katika saa hiyo nzima ni mtu mmoja tu duniani ambaye hakumtaja. Nikirudi nyumbani nilimkuta huyo mtu mmoja, naye akiniuliza, "Hajambo?" Nikajibu, "Hajambo." Yakaishia hapo. Na ofisini kazi iliendelea. Maelfu ya kadi yalipita kwenye ile trei, mweusi kwenda, mwekundu kurudi, hakuna salamu hata moja iliyopita nayo. Wiki ile ile ya barua ilifika zamu ya "debate", mjadala, na kaka aliandika kwamba lilitoka kwa Wafaransa, kwenye neno la kupiga. Wote wawili walitia sahihi bila maoni.

Mwaka huu wakafika Q. Q ni herufi fupi, lakini mwisho wa mwezi kaka alikuwa anastaafu, na baada ya kustaafu alikuwa anahamia kwa mwanawe, safari ya siku mbili. Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi. Miaka tisa nilijidanganya kwamba watu wanaogusa karatasi moja kila siku bado wana kitu kati yao. Kaka akishaondoka, hata karatasi haitakuwepo. Nilijua ataniaga pale pale kwenye kiti cha wateja, kama mtu aliyekuja kuchukua suruali, na nitabaki na mume ambaye siwezi kumtajia ndugu yangu, na ndugu ambaye siwezi kumtajia mume wangu, mpaka mmoja wetu azikwe na wengine wakutane hapo.

Jumapili ya mwisho kabla ya kaka kustaafu, baada ya chakula cha mchana, mume wangu alitoa gazeti ndani ya begi, akalifunua, ndani yake mna kadi. Kutoa kadi ofisini ni marufuku. Kanuni hiyo nayo alishiriki kuitunga. Akaiweka mezani mbele yangu, mezani pale pale nilipokuwa nashona kwa mkono upindo wa koti la kaka, koti la kuagia, na asiulize ni koti la nani.

"Q yote imesimama," alisema. "Kwa hii."

Neno lilikuwa "quarrel". Ugomvi. Kadi ilikuwa imejaa mweusi na mwekundu pande zote mbili, maana ilikuwa imeshavuka korido mara saba. Mkono wa kaka niliusoma kwanza. Alieleza kwamba Warumi walikuwa na neno la kulalamika tu, mtu anapotoa la moyoni kwamba ameumia. Wafaransa wakalichukua, na huko likazoea mahakama. Waingereza wakalipokea kwa Wafaransa karne nyingi zilizopita, na mwanzo kwao pia lilikuwa lalamiko, au sababu ya mtu kumlalamikia mwenzake. Baadaye sana ndipo likawa watu wawili wanarushiana maneno, na wakikosa maneno, viti. Chini kaka alikuwa ameongeza, "Mwanzo lilikuwa la mtu mmoja. Ni baadaye lilipohitaji wawili."

Kisha mvutano wenyewe. Mwekundu: "Maana ya kale imekufa. Ondoa." Mweusi: "Haijafa. Mwingereza hadi leo husema hana 'quarrel' na fulani, yaani hana la kumlalamikia." Mwekundu: "Nafasi haitoshi." Mweusi: "Ukiiondoa ya kwanza, ya pili haina mama." Hapo mwekundu ulikuwa umekaa siku mbili bila kujibu, kwa mujibu wa tarehe. Halafu: "Leta mfano."

Na mfano ukaletwa. Ulikuwa umeandikwa kwa mwandiko wa kaka ule wa polepole, ambao huutumia akiwa amekasirika: "Nilimpelekea shemeji yangu lalamiko la kurasa nne, akalikata, akalirudisha."

Niliisoma mara mbili. Nikachomeka sindano kwenye kitambaa ili isinipotee.

"Maneno tisa," alisema mume wangu. "Moja limezidi."

"Basi likate."

"Nimejaribu tangu Alhamisi."

Nilimtazama. Alikuwa amekuja na kalamu yake nyekundu, ameiweka kando ya kadi, kifuniko hakijatolewa. Nikaona kwamba mtu huyu hakuja kulalamika. Alikuja kuomba msaada, ila sehemu ya kuomba alikuwa ameikata.

"Mimi fundi," nilimwambia. "Mimi kabla ya kukata napima. Wewe ulishapima?"

"Kupima vipi?"

"Neno moja moja. Toa 'shemeji'."

Akafikiri. "Likitoka hilo, anakuwa mtu yeyote."

"Si mtu yeyote?"

"Si mtu yeyote," alisema.

"Toa 'nne'."

"Kurasa zinaweza kuwa mbili."

"Zilikuwa mbili?"

"Nne." Alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati, shati nililolishona mimi, na nilimshonea kitambaa cha kufutia miwani tangu B. "Mbele na nyuma."

"Basi toa 'akalirudisha'. Tayari ameshasema umelikata."

Aliigeuza kadi, akaigeuza tena. Nje mtu alikuwa anachota maji, ndoo baada ya ndoo. Mwishowe alisema, "Hapana. Kukata ni kosa la mkono. Kurudisha nilisimama, nikatembea."

Sijui kama unamjua mtu wa kusema maneno matatu kwa siku. Akisema tisa kwa mkupuo mmoja unaogopa. Niliweka koti chini.

"Sasa nipime langu," nilisema. "Maana miaka tisa mnagombania barua, na mimi nimekaa kimya kama meza. Yale maneno ya kwanza hayakuwa yake wala yako. Yalikuwa yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mama. Mimi ndiye niliyesikia anauliza kama kaka yuko mlangoni. Nilikupa maneno kumi na tisa uyabebe, ukafika na matatu, ukaniambia maana ilikuwa ile ile. Na mimi nilikasirika, nikakuzoea, nikanyamaza. Nilikosea kunyamaza."

Hakusema "Eh". Hakusema "Kumbe". Aliuliza, "Yalikuwa yapi?"

"Huyakumbuki?"

"Nakumbuka niliyoyaacha. Niliyoyatoa siyakumbuki. Huwa siyakumbuki."

Nikamwambia yote, polepole, toka "kaka" mpaka "kesho". Alikuwa ananitazama mdomoni. Nilipofika kwenye mlango sauti ilinikatika, nikarudia kuanzia hapo, maana sikutaka lipungue hata moja tena. Nilipomaliza alikuwa analia, kwa namna yake, bila sauti, kama mtu aliyekata kilio pia.

Ndipo nikaenda kwenye mkebe wa vifungo. Nilivimwaga vyote mezani, vikatawanyika mpaka chini ya kabati, nikatoa barua, nikamwekea mbele. "Hii ulishaisahihisha," nilimwambia. "Lakini hujaisoma."

Akaisoma. Alisoma mpaka yale aliyoyapigia mistari, akiinamisha karatasi kwenye mwanga wa dirisha ili aone wino mweusi chini ya mwekundu. Mimi niliokota vifungo. Alipofika ukurasa wa tatu kidole chake kilikwama kwenye mstari mmoja, nikaenda nyuma ya bega lake. Kaka alikuwa ameandika, "Ungeniambia ningefika. Ningefika usiku ule ule. Ningefika kwa miguu. Ningefika." Mume wangu alikuwa ameacha moja, akakata tatu. Hapo ndipo pembeni palipoandikwa "Marudio."

"Ni mara nne," alisema.

"Ni mara nne," nilisema.

Yaliyotokea Jumatatu nilisimuliwa na kaka, kwa hiyo ninayo yote. Mume wangu aliporudi aliniambia, "Tumeongea."

Kaka anasema alikuwa anafunga vitabu vyake kwenye maboksi, akasikia mlango unabishwa. Miaka tisa mlango ule ulikuwa haubishwi na mtu wa ng'ambo ya korido. Akaingia mume wangu, kadi mkono mmoja, barua mkono wa pili, akasimama katikati ya chumba kama mtu aliyekuja kusoma mita.

"Shemeji," alisema, "nimeisoma."

"Ipi?"

"Ya kurasa nne."

"Imekuchukua muda."

"Miaka tisa."

Kaka alikaa juu ya boksi. Anasema alikuwa ameshaandaa maneno ya siku kama hiyo, aliyaandaa toka E, na yote yalimkimbia. Akauliza tu, "Ukaionaje?"

"Haina cha kukata."

Kisha mume wangu akasema kwamba alikosa, mara ya kwanza kwenye simu, mara ya pili kwenye trei, na kwamba anaomba radhi kwa zote mbili, na akataja kila moja kwa urefu wake. Kaka hakunificha: na yeye alilia. Alisema pia kwamba misumeno ingeweza kungoja, kwamba "njoo" ni "njoo", na kwamba hilo limemkaa rohoni kuliko barua, ndiyo maana barua ilikuwa ndefu. Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho. Kaka anasema ilikuwa dakika arobaini, na kwa mtu anayemjua kaka hiyo inaaminika.

Halafu kaka akachukua kadi. Sahihi nyekundu ilikuwepo. Maana ya kale ilikuwa juu, ya pili chini yake, na mfano umeachwa kama ulivyo.

"Haya ni maneno tisa," alisema kaka. "Kanuni ni manane."

"Najua."

"Mkuu atakataa."

"Nitamwambia."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia nimepima."

Kaka akatia sahihi yake hapo hapo, wino mweusi, na herufi Q ikafungwa. Ijumaa alikula kwetu. Alivaa koti, mabega yalikaa vizuri, mikono ilipungua nusu inchi, sikumwambia. Alikaa kwenye kiti chake cha zamani akazungumza toka mchana mpaka jioni, mume wangu akitia "Eh" na "Kumbe", na mara moja, sina hakika, "Endelea."

Sasa wako kwenye S. Kadi za asili ya maneno zinaandikwa na mtu mwingine, bingwa mwenye shahada, ambaye mume wangu anamkata vizuri tu. Kaka yuko kwa mwanawe.

Jumapili iliyopita mvua ilinikuta sina la kufanya, nikamwambia mume wangu atoe simu amwandikie kaka. Nikaanza: mwambie hatujambo, mvua imeharibu paa la jikoni lakini fundi ameshakuja, kitambaa cha koti lake kilibaki kipande nitamshonea kofia, paka wa jirani amezaa tena kwenye kapu langu la nguo, na kiti chake Jumapili hakikaliwi na mtu. Mume wangu aliandika kwa kidole kimoja. Aliniambia nirudie pale kwenye kapu. Nilipokohoa aliuliza kama hicho nacho akiandike. Alipomaliza akanisomea yote, hakuna hata kipande kilichopungua, tena mwishoni aliongeza la kwake, kwamba anamsalimu sana. "Sana" lile liliandikwa mara mbili.

Jibu halikuchelewa. Kaka yangu, mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kuandika kitu chini ya ukurasa mmoja, alikuwa ametuma maneno mawili: "Marudio. Fupisha."

Nilicheka mpaka nikashika cherehani nisianguke. Mume wangu hakucheka mara moja. Aliyasoma, akayasoma tena, akavua miwani. "Ameniandikia kwa wino wangu," alisema. Kisha akacheka, kicheko kirefu ambacho sikujua kama anacho, akavaa miwani, akaanza kumjibu shemeji yake, na jibu hilo lilimchukua muda mpaka chai ikapoa.